Land Rover 109 Series III ya petroli: inazima ikipata joto, haiwaki mpaka ipoe. Tuichambue hapa

Pwani109

Habari za humu, wakuu.

Gari ni Land Rover 109 Series III, injini ya petroli ya lita 2.25 (cc 2286), kabureta Zenith 36 IV, distributa Lucas 45D4 ya pointi (vile vichuma viwili vinavyofunga na kukata umeme wa koili), negativu ya betri imefungwa kwenye bodi. Asubuhi ukivuta choki inawaka mara moja na sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga eksileta) inatulia. Baada ya kama nusu saa barabarani, mapema zaidi kwenye foleni au mlimani, inaanza kukosa, inakohoa kupitia kabureta, kisha inazima. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Ikiachwa ipoe inawaka kama kawaida, na safari inaanza upya na ugonjwa uleule.

Zimeshabadilishwa plagi (NGK BP6ES), koili na filta ya mafuta. Geji ya joto iko katikati, maji hayapungui, oili ni safi. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta, mwingine anasema kabureta imekufa. Kabla ya kununua kitu kingine naomba mpangilio wa kupima.

---

Mzee_wa_Pointi

Karibu. Umeeleza vizuri, hiyo ni nusu ya kazi.

Ugonjwa wa joto unapimwa gari ikiwa na joto. Ukiisubiri ipoe umeshafuta ushahidi. Kwa hiyo beba haya kwenye gari: plagi moja ya akiba, koleo lenye mpini wa plastiki au mpira, taa ya kupimia ya volti 12, multimita, bisibisi bapa, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo) na kitambaa kikavu.

Ikizima, fungua boneti hapohapo. Chomoa waya wa plagi yoyote, uchomeke kwenye ile plagi ya akiba, na chuma cha plagi kikae kwenye chuma tupu cha injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya buluu, nene, yenye mlio unaosikika, umeme uko sawa, nenda kwenye mafuta. Ikiwa nyembamba na ya rangi ya chungwa, au inakuja na kukatika, au haipo, usiguse kabureta kabisa. Hapo tatizo liko kwenye koili, kondensa (inayozuia pointi zisiungue kwa cheche), pointi, rota (kile kipande kinachozunguka chini ya kofia ya distributa kugawa umeme kwa plagi) au waya.

Cheche ikikosekana kwenye plagi, rudia kwa waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili. Uchomoe kwenye kofia ya distributa, ushike kwa koleo, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye bloku. Cheche ikiruka vizuri hapo lakini kwenye plagi haipo, umeme unapotelea kwenye kofia au rota. Isiporuka hata hapo, shida iko nyuma yake: koili, kondensa, pointi, au umeme haufiki.

Majaribio hayo mawili hayachukui dakika tano na yanakata mjadala wote wa pampu na kabureta.

---

Nyanda_za_Juu

Kabla hujagusa chochote, ikizima fungua kifuniko cha tangi la mafuta. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba. Tangi linajitengenezea ombwe, pampu inashindwa kuvuta. Ukisubiri, hewa inapenya polepole na gari inawaka. Dalili zinafanana kabisa na za joto, na watu wengi wamenunua pampu bure kwa sababu ya kifuniko.

---

Zenith36

Hoja ya Nyanda ni ya kwanza kweli upande wa mafuta. Naongezea yanayofuata, kwa mpangilio.

Pampu ya mafuta ya injini hii inaendeshwa na kamshafti na ina kiwiko cha kupampu kwa mkono. Ikizima, pampu kwa mkono. Kiwiko kikiwa laini kabisa bila kuhisi mvuto, usihukumu pampu bado, huenda kamu imesimama kwenye mgongo wake na imeshakandamiza mkono wa pampu. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa hendeli, jaribu tena. Ukihisi mvuto kisha unagoma, maana yake bakuli la kabureta limejaa na mafuta yapo.

Kupima kiasi: chomoa bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa, ondoa waya wa umeme kwenye koili ili pasiwe na cheche yoyote, kisha piga stata. Mafuta yatoke kwa mapigo yenye nguvu, kila pigo moja kwa mizunguko miwili ya injini. Yakitoka na mapovu, pampu inafyonza hewa. Angalia gasketi ya bakuli la kioo chini ya pampu, mpira uliochanika kutoka tangini, au nati ya bomba iliyolegea. Upande wa kufyonza hewa huingia bila tone la petroli kuonekana nje, ndiyo maana watu hawaioni.

Nusa pia dipstiki. Oili ikinuka petroli na kimo kimepanda, dayaframu ya pampu imetoboka. Usiendeshe gari hiyo. Petroli inaikata oili nguvu na beringi za krenki zitakwisha. Badilisha dayaframu, mwaga oili, weka mpya.

Mwisho, ndani ya tangi, mdomoni mwa bomba la kufyonza, kuna chujio. Kutu ikijikusanya pale gari inakufa njiani, ukisimama taka zinadondoka chini, inawaka. Tangi la miaka hamsini lisilowahi kushushwa linastahili kushushwa na kuoshwa.

---

Dada_Multimita

Pwani, umesema koili ni mpya. Umepima omu zake? Maduka mengi yanauza koili yoyote iliyoandikwa 12V, na hapo ndipo gari nyingi za zamani zinapoharibikiwa baada ya "kutengenezwa".

Kuna koili za aina mbili. Ile isiyohitaji rezista ina omu kama 3 hadi 3.5 kati ya vituo viwili vidogo (+ na −). Ile inayohitaji rezista ya nje ina kama 1.5. Mfumo wa Series III yenye pointi, usio na rezista, unataka ya omu 3. Sasa piga hesabu: volti 12 gawanya kwa 3 ni ampea 4, na pointi zinavumilia hapo. Volti 12 gawanya kwa 1.5 ni ampea 8. Joto ndani ya koili linakuwa mara mbili na pointi zinaungua. Koili ya namna hiyo inawasha gari asubuhi kwa cheche nzuri sana, kisha ikipata joto inaanza kukata.

Namna ya kupima: zima swichi, chomoa waya zote za koili. Kwanza gusisha ncha mbili za multimita pamoja uone zinasoma ngapi, mara nyingi 0.2 hadi 0.4, hiyo uitoe kwenye kipimo. Pima + na −. Kisha pima kutoka + hadi tundu la katikati, utapata maelfu ya omu, kwa kawaida kati ya 5,000 na 10,000. Rudia gari ikizima na koili ikiwa ya moto. Omu zikipanda kidogo usishtuke, shaba hupandisha ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii. Koili ya 3.0 kwenye kivuli inaweza kusoma 3.6 ikiwa moto na ikawa nzima. Ubovu ni kipimo kukatika kabisa, kurukaruka unapoigongagonga, au omu za katikati kuporomoka.

Halafu pima umeme unaofika. Swichi imewashwa, pointi zimefunga: kwenye + ya koili upate volti zisizopungua sana za betri, 11.5 au zaidi. Kwenye − upate karibu na sifuri, isizidi 0.3. Ikizidi, pointi ni chafu au waya wa eathi (unaorudisha umeme kwenye bodi) ndani ya distributa unakatika. Ule waya mfupi uliosukwa, unaotoka kwenye sahani ya pointi hadi kwenye mwili wa distributa, hukatika ndani kwa ndani kwa sababu kile kifaa cha vakyumu cha distributa huusogeza kila wakati. Kwa macho unaonekana mzima. Uvute taratibu kwa koleo dogo.

Usiache swichi imewashwa muda mrefu pointi zikiwa zimefunga. Pima, zima.

---

KijanaWaSpana

Shikamooni wazee. Kwa nini asiondoe pointi zote aweke elektroniki? Kipande kinaingia ndani ya distributa ileile, hakuna cha kurekebisha tena.

---

Mzee_wa_Pointi

Marahaba kijana. Elektroniki ni nzuri ikiwekwa kwenye gari nzima. Ikiwekwa kwenye gari yenye shafti ya distributa iliyolegea, eathi mbovu na koili isiyo yake, inaficha ugonjwa kwa muda kisha inakufa yenyewe. Nyingi za aina hiyo zina kiwango cha chini cha omu za koili, na ukizidi ampea zake zinaungua bila onyo. Pointi zikifa unazikwangua kwa msasa laini ukafika nyumbani. Kile kipande kikifa unavutwa. Anayeiweka abebe sahani ya pointi na kondensa ikiwa imesharekebishwa tayari kwenye buti.

Turudi kwa Pwani. Kondensa hujaitaja, nami naishuku kuliko kitu kingine hapo. Kondensa ya Lucas ni kama maikrofaradi 0.18 hadi 0.25, na ikianza kuchoka hufa kwa joto na kufufuka kwa baridi. Fungua kofia, swichi ikiwa imewashwa, ziachanishe pointi kwa bisibisi ya mpini wa plastiki. Kicheche kidogo ni cha kawaida. Ukiona mwako mkubwa mweupe unaotafuna pointi, kondensa haifanyi kazi.

Njia ya kuthibitisha ukiwa barabarani ni rahisi: chukua kondensa nyingine yoyote ya gari ya pointi, waya wake uufunge kwenye − ya koili na mwili wake uubane kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Ile ya zamani ichomoe waya wake. Gari ikiwaka, umepata jibu. Tena hiyo ya nje unaweza kuiacha hapohapo, inakaa mbali na joto la injini.

Rota nayo ipimwe. Kofia ikiwa imeondolewa, rota mahali pake, shika ule waya mnene wa koili kwa koleo, ncha yake milimita 3 juu ya shaba ya rota. Washa swichi, achanisha pointi kwa bisibisi. Cheche nene ikiruka kuingia kwenye rota, basi rota inavuja. Umeme unapita kwenye plastiki hadi kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Rota za bei ya chini zenye ribiti kubwa ya shaba katikati ndizo zinazovuja sana zikipata joto. Tafuta isiyo na ribiti.

---

Pwani109

Nimepima kwa mpangilio mliotoa, ikiwa imezima na moto.

Kifuniko cha tangi: hakuna kishindo. Pampu: mapigo yenye nguvu, hakuna mapovu. Cheche kwenye plagi: ya chungwa, inakatika. Waya wa katikati: hivyohivyo. Koili mpya: omu 1.6 baada ya kutoa 0.3 za waya za multimita. Hakuna rezista popote kwenye waya. Mwili wa koili haushikiki kwa mkono. Volti kwenye + ni 11.8. Kwenye − pointi zikifunga ni 0.9. Pointi zina kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, nafasi kati yake ni kama milimita 0.20. Rota haivuji.

---

Dada_Multimita

Jibu liko mezani. Koili ya 1.6 bila rezista inakula zaidi ya ampea 7. Hiyo ndiyo iliyotafuna pointi, na 0.9 kwenye − ni pointi zilizoungua. Nunua koili ya omu 3, upime dukani kabla hujalipa. Multimita ndogo inaingia mfukoni na muuzaji mwenye bidhaa halali hatakukatalia.

Koili ya zamani uliyoitoa usiitupe, ipime. Kama ni 3.2 na haivuji mafuta, kuna uwezekano haikuwa na kosa, na kilichokuwa kinazima gari tangu mwanzo ni kondensa.

---

Mzee_wa_Pointi

Nakubaliana na Dada neno kwa neno. Kilima na shimo kwenye pointi pia ni alama ya kondensa isiyofaa, kwa hiyo badilisha vyote vitatu pamoja: koili, kondensa, pointi.

Na ile 0.20 uliyoipima ina maana kubwa. Kile kisigino cha pointi kinachosugua kamu kikiisha, nafasi inapungua. Nafasi ikipungua pointi zinachelewa kufunguka, timingi (wakati wa cheche kupiga) inarudi nyuma. Timingi ikirudi nyuma moto unamalizikia kwenye ekzosi, manifoldi inapata joto kupita kiasi, na kabureta ya gari hii imekaa juu yake. Mlimani inakosa nguvu, unakanyaga zaidi, joto linaongezeka.

Kufunga pointi mpya:

Zioshe uso kwa petroli na kitambaa, zinatoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Zungusha injini kwa hendeli, plagi zikiwa nje ili iwe nyepesi, mpaka kisigino kikae kwenye ncha kabisa ya kamu. Weka nafasi milimita 0.35 hadi 0.40. Fila geji ipite ikisuguana kidogo, isisukume pointi. Kaza skrubu kisha pima tena, kwa sababu kukaza kunaisogeza. Paka grisi nzito kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kamu, na matone mawili ya oili kwenye shimo lililo chini ya rota. Grisi ikizidi itarukia pointi.

Timingi inafuata baada ya pointi, kamwe si kabla. Kwa injini yenye mgandamizo wa 8:1 ni digrii 6 kabla ya pistoni kufika juu. Leta silinda namba 1 kwenye kupiga kompresheni, alama ya puli ikabiliane na kidole cha digrii 6. Funga taa ya kupimia kati ya − ya koili na bodi, washa swichi. Legeza bolti ya kubana distributa, izungushe mpaka taa izime, kisha irudishe polepole mpaka sekunde ile inapowaka. Hapo ndipo pointi zinapofunguka. Kaza. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ile ya mbele upande wa rejeta.

Baada ya kilomita kama 800 pima nafasi tena. Kisigino kipya hulika haraka mwanzoni kisha hutulia.

---

Zenith36

Ukimaliza umeme, kuna tatizo la pili ambalo litabaki kwa kiasi: ukizima mwenyewe gari ikiwa moto, ukaenda dukani dakika kumi, ukarudi, inasumbua kuwaka. Hilo ni jambo tofauti na kuzima ikiwa inatembea. Injini ikizimwa, maji na feni vinasimama, joto la manifoldi linapanda kwenye kabureta, petroli inachemka ndani ya bakuli na kumwagikia kwenye manifoldi. Injini inakuwa imelewa mafuta.

Dawa ya hapo kwa hapo: usivute choki, usipampu eksileta. Kanyaga eksileta mpaka chini, ishikilie hapo, piga stata. Hewa nyingi inafagia ule mvuke. Kila ukipampu, pampu ndogo ya kabureta inanyunyizia petroli nyingine na unazidi kuharibu.

Dawa ya kudumu ni kuangalia kama kile kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Wengi wakifungua hutupa na kuweka gasketi ya karatasi. Angalia pia bomba la mafuta lisiguse chuma cha moto, na gasketi ya manifoldi isivuje. Weusi wa masizi kwenye maungio karibu na kabureta ni gesi ya ekzosi inayoipuliza kabureta.

Kuhusu Zenith 36 IV yenyewe. Ugonjwa wake wa kuzaliwa nao ni kupinda kwa nyuso za maungio, kwa sababu watu wanakaza skrubu za kifuniko kwa nguvu. Ikipinda, petroli inapita mahali isipotakiwa, sailensa inakuwa nzito, moshi mweusi, plagi nyeusi kavu. Hakuna jeti (kitundu cha kupimia petroli) itakayotibu hilo. Toa kifuniko, weka karatasi ya msasa wa maji namba 400 juu ya kioo cha dirisha, mimina maji kidogo, sugua uso kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Utaona sehemu zinazong'aa na zilizobaki na kivuli. Kivuli kikiisha, uso umenyooka. Osha kabisa, puliza njia zote kwa hewa, weka gasketi mpya na ule mpira wa duara mpya. Skrubu uzikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa bisibisi ya kawaida na nguvu ya kifundo cha mkono tu.

Jeti zisipitishwe waya. Tumia hewa, au uzi wa plastiki wa kuvulia samaki. Waya unapanua tundu na hutajua.

Shafti ya eksileta ikiwa inacheza kwenye matundu yake, hewa inaingia na sailensa haitulii kamwe. Injini ikiwa inaunguruma tupu, sukuma shafti juu na chini kwa kidole. Mlio ukibadilika, ndipo hapo. Ikiwa imelika hivyo, kutafuta kabureta ya Weber 34 ICH ni uamuzi wa busara, wengi wameifunga kwenye injini hii.

---

Nyanda_za_Juu

Tapeti (nafasi za valvu) zipimwe kabla ya kurekebisha kabureta. Injini hii ni milimita 0.25 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa. Kuna kanuni rahisi ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1. Ikifunguka 3, rekebisha 6. Ikifunguka 5, rekebisha 4. Ikifunguka 2, rekebisha 7. Na kinyume chake. Zinazojumlika kuwa tisa ndizo pacha.

Andika vipimo ulivyovikuta kabla ya kurekebisha. Petroli yenye risasi iliondoka kwetu mwanzoni mwa 2006, na risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Nafasi ya valvu ya ekzosi ikiwa inapungua kila sevisi, kiti kinalika na valvu inazama. Bila kumbukumbu ya maandishi hutagundua mpaka valvu iungue.

---

Ngarenaro_Garage

Samahani nidandie uzi. 109 kama hiyo: geji ya mafuta na ya joto zote mbili zinapanda pamoja, tangi likiwa nusu inaonyesha limejaa. Na breki zinashika kwenye kanyagio la pili.

---

Dada_Multimita

Geji mbili kupanda pamoja haziwezi kuwa bovu zote kwa siku moja. Zote zinalishwa na stabilaiza ya volti 10 nyuma ya paneli ya geji. Ikikosa eathi inapitisha volti zote za betri, na geji zinadanganya juu. Skrubu inayoishika ndiyo eathi yake. Ifungue, ikwangue kutu, ikaze. Kama haijapona, badilisha stabilaiza. Mpaka hapo usiiamini geji ya joto, ipime injini kwa njia nyingine.

Na maadamu tuko kwenye eathi: wakati wa kupiga stata shika waya wa choki. Ukiwa wa moto, ule mkanda wa eathi kati ya injini na chesisi umekatika au umeoza, na umeme wa stata unarudi kupitia kebo ya choki.

---

Mzee_wa_Pointi

Breki za 109 zina sifa ya kushika hewa. Siri ni kurekebisha viatu kwanza, hewa baadaye. Inua gurudumu. Mbele kuna bolti mbili za kurekebisha kila gurudumu, kila kiatu na yake. Nyuma ni moja. Kaza mpaka gurudumu ligome kuzunguka, acha hivyohivyo. Pistoni zitakuwa zimerudi ndani na nafasi ya hewa kujificha imekuwa ndogo. Sasa toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mwenzako akanyage taratibu, usiruhusu kikombe cha mafuta kikauke. Ukimaliza, legeza kila bolti mpaka gurudumu lizunguke kwa msuguano mdogo.

Vumbi la breki za zamani lina asibesto. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji na ukitupe kikiwa kimefungwa.

Ukikuta viatu vimelowa oili ya difu, usikimbilie oili sili pekee. Juu ya eksel kuna skrubu ya kupumulia. Matope yakiiziba, joto linajenga presha ndani na oili inasukumwa nje kupitia sili, hata iliyo mpya. Ifungue, ioshe kwa petroli, itikise usikie kigololi ndani kinacheza.

---

KijanaWaSpana

Naomba vipimo vya oili vya gari nzima, ili tuviandike kwenye mlango wa stoo.

---

Nyanda_za_Juu

Injini lita 6.25, ongeza 0.85 ukibadilisha filta. 20W-50 kwa joto letu. Giaboksi 1.5 na transfa 2.5, zote oili ya gia EP90. Difu ya mbele 1.75. Ya nyuma kwenye 109 Series III ni Salisbury, ile yenye kifuniko cha duara cha bolti kumi nyuma, 2.5. Kila gololi ya usukani (ile nyumba ya duara nyuma ya gurudumu la mbele) 0.5. Chujio la hewa la oili 0.85, ileile ya injini, na kwenye barabara ya vumbi ulifungue kila wiki. Tope likifika nusu ya bakuli, mwaga. Usijaze kupita alama kwa sababu oili itavutwa ndani ya injini.

Vipimo hivyo ni vya kununulia. Cha kuamua ni plagi ya kimo: gari ikiwa mahali tambarare, jaza mpaka ianze kudondoka.

Spana ni za inchi. 7/16, 1/2 na 9/16 zinamaliza sehemu kubwa. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye 1/2 ikiwa na ulegevu kidogo, lakini 11 kwenye 7/16 na 14 kwenye 9/16 ni ndogo kidogo na hazikai sawa, na nati ya zamani ikishaviringika ni kazi ya kukata.

---

Pwani109

Marejesho, wakuu. Koili ya omu 3.1 imepatikana madukani Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kupima kadhaa, nyingi zilikuwa 1.5 ingawa maboksi yaliandikwa vivyo hivyo. Kondensa na pointi mpya, nafasi 0.38, timingi digrii 6. Volti kwenye − pointi zikifunga sasa ni 0.1. Koili ya zamani inasoma 3.3 ikiwa baridi na 3.8 ikiwa moto, kwa hiyo imewekwa kwenye buti kama akiba.

Gari haizimi tena, foleni wala mlima. Iliyobaki ni ile ya kusumbua baada ya kusimama dakika kumi. Kukanyaga eksileta mpaka chini kunaiwasha. Chini ya kabureta kweli kuna gasketi ya karatasi tu.

---

Zenith36

Safi. Kile kipande cha kuzuia joto ukikikosa dukani kinaweza kuchongwa kwa bakelaiti au bamba la nyuzi lenye unene wa milimita 6 hadi 8, gasketi nyembamba juu na chini. Usitumie alumini, inapitisha joto kuliko chuma. Stadi za kabureta zitakuwa fupi, badilisha ziwe ndefu kwa unene huohuo, na uhakikishe kebo na vijiti vya eksileta havikwami ukikanyaga mpaka mwisho na kuachia. Jaribu hilo injini ikiwa imezimwa, boneti ikiwa wazi, mwenzako akikanyaga na wewe ukiangalia.

---

Pwani109

Nimeelewa. Bakelaiti naipata kwa wanaosuka mota. Nitaweka vipimo vya matundu hapa nikishachonga, ili mwingine mwenye 36 IV avitumie.